Piano si mbao za kabati

Mhariri,

Mimi ni fundi seremala hapa Tukuyu, wilaya ya Rungwe. Natengeneza milango, vitanda, madawati, na jeneza msiba ukitokea. Kuandika si kazi yangu. Barua ndefu ya mwisho niliyoiandika ilikuwa ya posa, na hiyo nayo kaka yangu ndiye aliyeitia maneno. Lakini kuna jambo limenikaa kooni tangu kabla ya masika, na kila ninayemsimulia ananiambia, "Fundi, hilo peleka gazetini." Basi nimeleta.

Mwezi wa pili wazee wa kanisa moja la huku kwetu waliniita. Silitaji, maana ni majirani, ni wateja, na mmoja wao ni shemeji yangu. Walinipeleka stoo, nyuma ya mabenchi mabovu na spika iliyopasuka, wakafunua turubai. Chini yake kulikuwa na piano. Sisemi kinanda cha umeme kile cha kubeba kwapani. Nasema piano yenyewe, ya mbao, ya kusimama kama kabati, nzito kiasi kwamba tulikuwa wanaume wanne na tuliisogeza hatua moja tu. Wakaniambia, "Fundi, hii ilishakufa. Ivunje, mbao zake bado nzuri, ututengenezee kabati la vyombo vya akina mama." Ufundi shilingi 90,000, nusu nikapewa papo hapo. Nilipokea. Sitajifanya malaika.

Kesho yake asubuhi nilikwenda na bisibisi, patasi, nyundo na msumeno. Nikaanza na ubao wa mbele, ule wa juu ya mahali pa vidole. Vishikizo viwili, ukatoka, na harufu ya panya ikatoka nao. Nimefanya useremala miaka 31, Mhariri, na sijawahi kuona kazi ya mbao kama ile. Ndani kuna safu ya vinyundo, kimoja kwa kila kii (ndivyo watu wa kwaya wanavyoviita vile vibao vya kubonyeza), na kila kichwa cha kinyundo kimevishwa sufu iliyoshindiliwa hadi ikawa ngumu kama ukwato. Kila kinyundo kina mkono wake, utepe wake, springi yake na kipande chake cha ngozi cha kuegemea. Ukibonyeza kii, kinyundo kinaruka, kinagonga uzi, na hapo hapo kinarudi nyuma ili uzi uendelee kulia. Ukiachia, kuna kipande kingine cha sufu kinakuja kuunyamazisha. Aliyebuni mtambo huu ni Mwitaliano mmoja, Bartolomeo Cristofori, karibu mwaka 1700, na kazi yake ilikuwa kutunza vinanda vya Medici, ukoo wa watawala kule Florence. Fundi wa kuajiriwa, kama mimi.

Nilihesabu kii 88, nyeupe 52 na nyeusi 36. Nyuzi zinapita 200, maana sauti nyembamba zina nyuzi tatu tatu, zinazofuata mbili mbili, na zile nene kabisa za kushoto zina uzi mmoja mmoja uliovishwa waya wa shaba. Zote zikiwa zimekazwa zinavuta kwa nguvu ya zaidi ya tani 15, ndiyo sababu zimefungwa kwenye fremu ya chuma cha kusubu. Fikiria Fuso mbili zimejaa viazi vya Uyole, zimening'inia ndani ya kabati. Ningeanza kupiga msumeno bila kulegeza nyuzi, pengine barua hii angeiandika mjane.

Halafu kuna ubao wa nyuma. Hapa naomba wasomaji wasio mafundi wanivumilie. Nyuma ya nyuzi kuna ubao mpana, unene wake haufiki sentimita moja, na ndio unaoikuza sauti, kama vile tumbo la ngoma linavyofanya. Ni mti wa jamii ya msonobari, ulioota kwenye baridi ya Ulaya polepole sana. Nilipiga tochi nikatazama pete zake, zimebanana kama mistari ya daftari la hesabu. Chukua paini yetu ya Sao Hill pale Mufindi, miaka 20 na ushei tayari imeshakuwa mbao, lakini pete zake ni pana, unaweza kupitisha penseli katikati. Mimi naipenda paini ya Sao Hill, ndiyo inayonilisha. Ila mti uliochelewa hivyo kukua, mtu akautengeneza ukaimba, mimi niukatie rafu za sufuria?

Ndipo mlango ukagongwa. Akaingia binti mmoja amevaa sare ya shule.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo nyumbani?"

"Hatujambo. Mama amenituma ufunguo wa stoo, anasema ukimaliza ufunge." Kisha akaona mtambo ulivyo wazi. "Unaitengeneza?"

"Naivunja."

Akanyamaza. Akatazama msumeno, akatazama vinyundo, akasema, "Naomba niiguse kabla hujaivunja."

Binti yuko kidato cha tatu. Mama yake anafagia kanisa hilo, na siku nyingine anauza ndizi stendi. Jina silitaji, kwa sababu mama kaniomba, na mama wa Kinyakyusa akikuomba jambo wakati umekaa kwenye kigoda chake na sahani yake iko mkononi mwako, unakubali. Nilidhani atabonyeza bonyeza kama watoto wanavyofanya. Hakufanya hivyo. Alianzia kushoto kabisa, akaenda kii moja baada ya nyingine hadi kulia, anasikiliza, na kila iliyogoma anaiandika kwa kalamu kwenye kiganja. Alipomaliza akaniambia, kama daktari anavyotoa majibu, "Kumi na moja zimekufa, fundi. Nne zinanata. Zilizobaki zinaongea, ila zimelewa."

Halafu akavuta kreti la soda, akakaa, akapiga.

Nilikuja kujua baadaye kwamba kile kipande ni cha mtunzi Mjerumani Johann Sebastian Bach, cha kwanza kabisa katika kitabu chake cha mwaka 1722, na kina vipimo (baa) 35 tu. Hakina mbwembwe. Kodi (si ya serikali, ni sauti kadhaa za kupigwa pamoja) imevunjwa, sauti zinapanda moja moja kutoka chini kwenda juu, umbo hilo hilo linarudiwa mara mbili, kisha kidole kimoja kinasogea na hali ya hewa yote ya stoo inabadilika. Ndugu zetu Wakatoliki wanakijua bila kujua kwamba wanakijua, maana Mfaransa Charles Gounod, zaidi ya miaka 100 baadaye, alikiwekea wimbo juu yake ukawa ile Ave Maria ya harusini. Zile kii zilizokufa ziliacha mapengo. Ilikuwa kama kumsikiliza bibi kizee asiye na meno akisoma zaburi, unakosa neno hapa na pale lakini huachi kuelewa. Mimi nilikaa juu ya sanduku la vifaa, patasi mkononi, sikumbuki niliishika ya nini.

Alipomaliza akafunga kifuniko taratibu, akasema, "Asante, fundi. Sasa unaweza kuendelea."

Nani angeendelea?

Nilirudisha zile 45,000 kwa mtunza hazina, nikawaambia wazee kwamba vinia ya piano ile, yaani ubao mwembamba uliobandikwa juu, imeachia gundi na haifai kabati, jambo ambalo ni kweli kwa nusu yake. Kabati nimewatengenezea kwa paini, bila malipo. Mke wangu amesoma aya hii kabla sijaituma na amesema sasa amejua mbao zake sita zilikwenda wapi. Wazee walikubali piano ibaki "kwa muda", na ufunguo wa stoo nikae nao mimi. Kwa muda huo binti anakuja Jumanne na Alhamisi baada ya masomo hadi saa 12 jioni, na Jumapili baada ya ibada ya pili.

Namna alivyojifunza nayo inafaa kuelezwa. Alianza na solfa kwa mwalimu wa kwaya, kama sisi sote tulivyoanza. Mimi naimba besi tangu nikiwa na miaka 19 na hadi leo nasoma d r m f s l t, mfumo uliotungwa Uingereza karne ya 19 ambao kwaya zetu wameufanya wao kabisa, kiasi kwamba kuna wazee hapa hawajui kusoma gazeti vizuri lakini ukiwaandikia solfa ubaoni wanaimba sauti zote nne. Ile nota ya mistari mitano binti alijifundisha mwenyewe kwenye simu ya mama yake, bando likiisha anasubiri. Kinanda alichokuwa akifanyia mazoezi ni kile cha umeme cha kwaya, chenye kii 61, tena Jumamosi tu, tena saa moja tu, kwa sababu vijana wa bendi ya uinjilisti nao wanakitaka. Na kile kinanda kina kitu kinaitwa biti. Unabonyeza kitufe, ngoma inajipiga yenyewe, besi inajipiga yenyewe, mpigaji anabaki kuweka mkono mmoja kama mtu aliyeshika usukani wa gari linaloteremka mlima. Sina ugomvi na biti. Lakini tenzi zote kumi za ibada moja zikipigwa kwa biti ile ile, hata wimbo wa mazishi unatikisa mabega, hapo sikubali.

Sasa nije kwenye lile lililonifanya nichukue kalamu. Kila Jumapili binti anarekodi vipande viwili, utenzi mmoja na cha klasiki kimoja. Simu ya mama inaegemezwa kwenye sufuria la kupikia wali wa semina, mimi nasimama mlangoni kuzuia watoto na kuku, naye anapiga. Akikosea anarudia. Kisha anavirusha kwenye grupu la kwaya la WhatsApp, na chini yake anaandika mistari miwili au mitatu: nani alitunga, lini, na ni kii gani imekufa wiki hii ili watu wasije wakadhani amekosea. Kutoka grupu la kwaya vinakwenda kwenye magrupu ya ukoo, na kutoka huko sijui mpaka wapi. Mjomba wake aliye machimboni Chunya alituma salamu kwamba wanasikiliza usiku wakitoka shimoni. Shangazi wa Kyela aliuliza kama hicho kinanda kina mafua. Mama mmoja wa Mwakaleli aliyefiwa na mumewe aliomba utenzi ule wa Yesu kwetu ni rafiki, bila maneno, ili auweke usiku wa matanga watu wakiwa wamechoka kuimba.

Huo wa Mwakaleli naukumbuka kwa sababu mbili. Kwanza, binti aliandika chini yake kwamba maneno yalitungwa mwaka 1855 na Joseph Scriven, Mwairlandi aliyekuwa amehamia Kanada, kumfariji mama yake aliyembakiza ng'ambo, na sauti yake ikatungwa mwaka 1868 na Mmarekani Charles Converse. Mimi nimeuimba huo wimbo makaburini zaidi ya mara mia na sikujua kwamba ulianza kama barua ya mtoto kwa mama. Pili, kile kitabu chake kimeuandika doh, ile sauti ya msingi, ikiwa F (kwenye piano sauti huitwa kwa herufi), na F moja nene ya mkono wa kushoto ni miongoni mwa zile zilizokufa. Binti akauhamisha wote, ukapanda ukawa G. Alifanya kichwani, bila kuandika. Jumapili iliyofuata kwaya nayo ikataka kuuimba pale alipouweka, na tenor, wale wa sauti ya juu ya kiume, wanaume wazima wenye wake na watoto, walilia kama mbuzi wa mnadani.

Alipoleta kipande cha Beethoven cha mwaka 1810, kile kiitwacho Für Elise, yaani Kwa Elise, grupu zima lilicheka, kwa sababu huku kwetu ndio mlio wa lori linaporudi nyuma. Kijana mmoja wa bodaboda akaandika, "Pisheni, Fuso linarudi." Binti hakukasirika. Akajibu kwamba Beethoven alikufa mwaka 1827 na kipande hicho kilichapishwa mwaka 1867, yaani kilikaa kwenye karatasi tu miaka 40 baada ya mwenyewe kuzikwa, na kwamba malori yanajua mwanzo peke yake, basi wasikilize mwisho. Kijana alisikiliza. Sasa ndio mlio wa simu yake, na abiria wake wanaruka pembeni kila anapopigiwa. Mimi binafsi katikati ya kipande hicho pananichosha, vidole vinakimbia kama mtu aliyeona nyoka. Nilimwambia. Akasema nitazoea. Sijazoea.

Wapo wasiofurahi, nami siwafichi. Mzee mmoja alisimama kikaoni akasema binti anachezea tenzi, anaweka manjonjo kati ya mstari na mstari, watu wanapotea. Na kweli anaweka. Nilipomfikishia malalamiko alicheka, akanisomea kwenye simu habari ya huyo huyo Bach. Mwaka 1706, akiwa kijana asiyefika hata miaka 21, alikuwa mpiga kinanda wa kanisa katika mji wa Arnstadt, Ujerumani. Wakubwa wa kanisa walimwita wakamkaripia kwamba anatia sauti ngeni katika tenzi hadi waumini wanachanganyikiwa. Zaidi ya hapo alikuwa ameomba ruhusa ya wiki nne kwenda kumsikiliza mpiga kinanda mwingine mji wa Lübeck, akakaa karibu miezi minne. Huyo ndiye baadaye aliyekuwa mwalimu wa muziki wa kanisa kule Leipzig kuanzia 1723 hadi anakufa 1750, na kuna vipindi alikuwa akitoa kazi mpya ya kwaya karibu kila Jumapili. Nilipeleka habari hiyo kikaoni. Mzee akaguna, akasema, "Hata huyo walimkaripia kwa haki." Nampenda yule mzee.

Wengine wanasema ni muziki wa Wazungu, wa kuiga, utamharibu mtoto. Hapo mimi najibu kama fundi. Siku ile nilipokuwa nasafisha kii nyeupe kwa kitambaa cha maji kidogo, niliona kitu cha ajabu. Kila moja imefunikwa kipande chembamba chenye rangi ya maziwa yaliyolala, na pale zinapoanza kii nyeusi kuna ufa mwembamba kama unywele, maana ni vipande viwili vimeunganishwa. Ukiinamisha macho unaona mistari laini inapita ndani yake. Si plastiki ile. Ni pembe ya ndovu. (Maafisa wa maliasili wasije usiku. Haiuzwi, haitoki stoo, na huyo tembo alikufa kabla babu zetu hawajazaliwa.) Karne ya 19 pembe za Afrika Mashariki zilibebwa mabegani kutoka bara hadi pwani, zikavushwa Zanzibar, na sehemu kubwa ikaenda jimbo la Connecticut, Marekani, kwenye viwanda vilivyokata vibao vya piano. Wapagazi waliozibeba walikuwa watu wa nchi hii, na wengine walibebeshwa kwa minyororo. Klarineti nazo, zile za okestra kubwa, zinatengenezwa kwa mpingo, na mpingo wenyewe unatoka Kilwa na Lindi. Kwa hiyo mtu akiniambia chombo kile hakituhusu, namwambia aje alinganishe mzigo.

Na hao hao wanaosema hivyo husimama wima, mikono ubavuni, ukipigwa wimbo wa taifa. Sauti yake aliitunga Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya Kimethodisti karibu na Johannesburg, mwaka 1897. Ni utenzi wa sauti nne. Tanganyika ikauchukua mwaka 1961. Binti aliupiga siku moja polepole, bila mbwembwe, kama utenzi ulivyo, na mwalimu mmoja mstaafu akatuma ujumbe wa sauti wa dakika nne ambao dakika tatu na nusu ni pua yake tu.

Safari hiyo ina njia mbili pia. Ule wimbo wa Pasaka wa Mfurahini Haleluya, alioutunga Bernard Kyamanywa mwaka 1966, Wajerumani wameutafsiri na umo katika kitabu chao cha nyimbo cha makanisa ya Kiinjili, kwa sauti yake ya Tanzania. Sisi watu wa Rungwe tulipokea vitabu vya nyimbo kutoka kwao tangu wamisionari wao Wamoraviani walipofika hapa mwaka 1891. Babu yangu alipuliza tarumbeta la kanisa hadi meno ya mbele yakang'oka. Sioni aibu yoyote mtoto wetu akipiga cha kwao asubuhi, na wao wakiimba cha kwetu Pasaka.

Kuhusu kutunza nitasema machache. Tukuyu inapata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka na mbao inajua hilo kuliko mtabiri. Piano isiegemezwe ukuta wa nje. Isifunikwe turubai, turubai linafunga unyevu ndani, bora shuka kuukuu la pamba. Nondo wanapenda sufu isiyoguswa, na panya wanapenda ngozi isiyoguswa. Kufuli la stoo halijawahi kumzuia panya hata mmoja, linamzuia mtoto peke yake.

Sijidai kwamba mimi ni mtaalamu. Nilipewa sifa kidogo nikalewa, mwezi wa nne nikajaribu kukaza uzi uliolegea kwa plaizi. Kigingi cha piano kina kichwa cha mraba, plaizi ikateleza, nikashika upya kwa hasira, nikakaza kupita kiasi. Uzi ukakatika, ukanichana shavu. Ulikatika uzi mmoja, nikashonwa nyuzi mbili. Binti alinifunga kitambaa, akatazama ndani ya piano, akasema kwa sauti ndogo, "Fundi, hiyo ilikuwa inaongea." Hakuniambia neno lingine jioni ile. Afadhali angenifokea.

Ombi langu, Mhariri, ni kwa wazee wa makanisa na wakuu wa shule huku nyanda za juu kusini, kuanzia Rungwe na Mbozi hadi Njombe, Iringa na Songea. Misheni za zamani ni nyingi, na stoo zake ni nyingi zaidi. Sisemi kila stoo ina piano. Lakini penye turubai, lifunueni. Mkikuta kinanda cha kukanyaga kwa miguu, piano, hata tarumbeta lililobonyea, msimwite seremala kwanza. Mwiteni mtoto wa kwaya, mmoja yule anayebaki nyuma wenzake wakienda kunywa chai, mumwachie saa moja humo ndani. Akitoka na kuwaambia zipi zimekufa na zipi zimelewa, hapo ndipo mniite mimi, na nauli ya Coaster nitajilipia.

Na la pili ni langu binafsi. Natafuta spana ya kukazia vigingi vya piano, yenye tundu la mraba, hata iliyochakaa, na waya wa chuma wa nyuzi nyembamba. Msomaji mwenye navyo, au anayemjua mzee aliyewahi kufanya kazi hiyo kwenye misheni yoyote, aache ujumbe kwa mhariri. Nitalipa, au nitamtengenezea mlango wa mninga, achague mwenyewe. Kati ya zile kii kumi na moja tumeshafufua nane. Mbili zinasubiri waya, F nene inasubiri ngozi, na ya nne katika orodha ni ile niliyoiua kwa mkono wangu.

Fundi seremala,
Tukuyu, Rungwe.
(Jina langu unalo, Mhariri.)